Kasi, Uzito na Tone la Maji

Ukingojea boti ya Mafia pale Nyamisati, Kibiti, subiri maji yapwe. Matope na mikoko vitakuonyesha kwa nini manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha delta ya Rufiji mwaka 1914. Mwaka 1976 mwongozaji Peter Hunt alikigeuza kisa hicho kuwa filamu, Shout at the Devil, kutokana na riwaya ya Wilbur Smith. Roger Moore na Lee Marvin waliigiza, na manowari ikaitwa Blücher. Ila picha zilipigwa Malta na Afrika Kusini.

Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115. Halipuliwi dude kama hilo kwa ajili ya sinema. Hutengenezwa mfano wake mdogo, kazi aliyoimudu vizuri Derek Meddings, fundi wa filamu hii. Taabu ni kwamba mfano huyumba upesi kama kifuu cha nazi, wakati meli kubwa huyumba taratibu. Dawa ni kuikimbiza kamera kwa kipeuo cha pili cha kipimo: mfano uliopunguzwa mara 16 hupigwa kwa kasi mara 4, yaani fremu 96 kwa sekunde badala ya 24. Ukionyeshwa kwa kasi ya kawaida, mwendo unapata uzito.

Filamu za mashindano ya pikipiki hufanya kinyume. Bodaboda ya kilomita 50 kwa saa, ikipigwa kwa fremu 18 na kuonyeshwa kwa 24, inaonekana inakwenda 67. Ukizidisha, dereva anageuka kikaragosi. Ni salama zaidi kuishusha kamera karibu na lami, majani yapite puani mwa lenzi.

Basi kamera huudanganya muda, lakini tone la maji halipungui. Kwenye mfano wa mara 16, tone kama punje ya mtama huonekana kubwa kama limau. Hapo ndipo jicho hushtuka.

Mtu wa delta atashtukia zaidi mwisho wa kisa. Kwenye filamu, bomu lililofichwa ndani ndilo linalomaliza kazi. Lakini Julai 11, 1915, Königsberg yenyewe ilishindwa na Severn na Mersey, meli za Waingereza zisizohitaji kina kirefu, huku ndege kutoka Mafia zikisahihisha shabaha ya mizinga. Nazo meli hizo zilikuwa zimekokotwa baharini kutoka huko huko Malta.