Blackfish na uwanja uliogeuzwa pambo

Tuliocheza Apex, nyongeza ya mchezo wa Arma 3, tunaujua mwendo huu. Unaingia visiwa vya Tanoa kutoka baharini na ndege ya V-44 X Blackfish, gari la deraya tumboni, uwanja wa Tuvanaka mbele yako. Unapunguza kasi. Rota zinajiinua zenyewe, maana uelekezaji wa kiotomatiki umewashwa tangu mwanzo. Pua inatulia, chombo kinashuka taratibu kama ndoo kisimani, magurudumu yanagusa lami. Ungetaka, ungetua kwenye shamba la miwa. Uwanja wote ule na njia yake ya kurukia ni pambo tu.

Hapo ndipo Bohemia Interactive, watengenezaji wa Arma, walipoharibu, na sijasikia utetezi wa kunigeuza. Tuliomba ndege ya mizigo, tukapewa helikopta yenye mabawa.

Kumbuka tulikotoka. Arma 2 ya mwaka 2009 ilikuwa na ndege ya mizigo ya C-130J Hercules, injini nne, na ramani ya Chernarus ilikuwa na viwanja vya kuipima. Kushusha lile dubwasha kwenye uwanja wa Krasnostav kulihitaji uanze kufikiri ukiwa bado mbali: kasi gani, flapu lini, ukikosea unageuzia wapi. Miti haikusogea pembeni. Ndiyo, gari halikupakika bila skripti za watu, hilo nakubali. Lakini kutua kulikuwa kutua.

Septemba 2013 ikaja Arma 3. Altis, kilomita za mraba 270 hivi, uwanja wa kimataifa katikati ya kisiwa, na hakuna hata ndege moja ya uchukuzi ya kuutumia. Mwaka 2014 kifurushi cha helikopta kikaleta Huron, Taru, mizigo ya kuning'inia na mfumo wa urukaji wa hali ya juu, kazi safi. Ule mfumo haukuvuka kwenda kwa ndege za mabawa. Nimelilalamikia hili mpaka wenzangu kwenye seva wakinisikia navuta pumzi wanazima spika, na leo nalirudia: ndege za mabawa katika Arma 3 zimebaki watoto wa kambo.

Kwa hiyo Apex ilipotoka, Julai 2016, ilikuwa nafasi ya kulipa deni. Kupakia gari ndani ya chombo kingine kulifanyika vizuri. Blackfish yenye mizinga ubavuni, mwangwi wa AC-130, inafurahisha. Halafu wakaja na hilo la rota zinazojiinua.

Wanaowatetea husema Tanoa ni visiwa na msitu, ndege ya kupaa wima ndiyo inayofaa. Visiwa hivyo hivyo wamevijengea uwanja mkubwa, halafu Tuvanaka, La Rochelle, Saint-George na Bala. Umejenga vituo vitano vya basi, kisha unampa kila abiria pikipiki! Njia fupi ya Bala ingekuwa mtihani wenyewe: tua hapo na mzigo kamili, au shusha Saint-George na askari watembee. Adui angejua unaweza kutua wapi, angepanga mtu wa kombora mwisho wa njia. Kamanda angelazimika kuuteka uwanja kabla ya kuita mzigo. Huo ni mchezo mzima wa dakika arobaini, na rota zinazojiinua zimeufuta. Ni kama kocha aliyeondoa magoli yote mawili kwa sababu makipa wanachelewesha mpira.

Mtu akiniuliza ndege ya mizigo ni nini, namwonyesha uokoaji wa mateka wa Entebbe, usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976. Hercules nne za Israeli, safari ya kilomita 4,000 hivi, sehemu yake chini chini juu ya Bahari ya Shamu kukwepa rada. Rubani Joshua Shani akatua wa kwanza, na ndege ikiwa bado inatembea askari wakaruka nje kupanga taa kando ya njia kwa ajili ya waliofuata. Taa za uwanja zilipozimwa, zile ndogo ndizo zilizobaki. Rampu ikashuka, Mercedes nyeusi ikatoka. Mafuta ya kurudia nyumbani wakayapata Nairobi. Kila kitu katika operesheni ile kilitegemea njia ya kurukia: nani anaishika, ina mwanga gani, mafuta yatatosha mpaka wapi. Wape Blackfish, na nusu ya hesabu ile haipo.

Na kabla hujaniambia Hercules ni nzito mno kwa ramani za Arma: mwaka 1963 James Flatley aliitua KC-130F juu ya meli ya USS Forrestal na kusimama kabisa mara 21, bila ndoano ya kuishika, mara nyingine ikiwa na uzito wa tani 55 hivi. Kifurushi cha Jets cha 2017 kilituletea meli ya kubeba ndege, USS Freedom. Tukapata ndege za kivita za Black Wasp, Shikra na Gryphon. Ndege ya kumwiga Flatley, hapana. Xi'an, ndege ya kupaa wima ya jeshi la CSAT, sitaisema. Dhambi ni ile ile.

Waliotuokoa ni watu wa modi. RHS waliweka C-130J kwenye kifurushi chao cha majeshi ya Marekani, bure. Wiki hii nimeirudisha, nikaipeleka Tanoa, La Rochelle. Mara ya kwanza nilipitiliza mwisho wa njia. Ya pili niliogopa kupitiliza, nikagusa kabla ya lami. Ya tatu na ya nne tusiziongelee. Ya tano gurudumu la pua lilisimama kwenye majani, hatua chache nje ya lami. Nikafungua rampu.