"Zilipendwa": Kasoro ya Kitenzi katika Uainishaji wa Muziki wa Kina Baba

Istilahi "zilipendwa", ambayo nchini Kenya husikika zaidi kama "zilizopendwa", hutumiwa kana kwamba ni jina la utanzu. Sivyo. Chini yake hurundikwa magita ya Mbaraka Mwinshehe, twisti ya Daudi Kabaka na visa vya maonyo vya Marijani Rajab, kazi zinazotofautiana kwa mapigo na kwa shabaha. Kinachoainishwa hapo ni umri wa msikilizaji, naye hudhaniwa kuwa baba, ilhali kumbi za dansi hazikujazwa na wanaume peke yao.

Kasoro kubwa zaidi imo katika kitenzi. Kauli ya kutendwa humfuta apendaye. Wakati uliopita huufunga upendo wenyewe. Hata hivyo, NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilivuka karne ikipiga kwa jina la Msondo Ngoma. Sera ya hifadhi ikiiazima istilahi hii bila kuihoji, kanda zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zitahesabiwa mabaki, na swali la mirabaha ya nyimbo ambazo bado huchezwa harusini litaonekana limepitwa na wakati.