Mizani ya Kabanga na Sayari za Mbali

Densiti, yaani kiasi cha maada kilichomo katika ujazo fulani wa kitu, ndiyo sifa inayotegemewa kila siku kwenye mialo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Biharamulo, ambako mawe yaliyosagwa hutiririshwa na maji juu ya ubao uliotandikwa nguo, mchanga ukaenda na dhahabu ikanasa. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, ilhali ile ya mchanga wa kawaida ina gramu 2.6 hivi, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya kazi yote ya kuchagua. Mwoshaji hodari huisoma kwa mkono, kwa namna karai linavyomwelemea linapozungushwa, na ustadi wake ni ndugu wa damu wa ule unaotumiwa kubaini sayari za nyota nyingine zimeumbwa kwa nini.

Wilayani Ngara kazi hiyo ni ya mizani. Hazina ya nikeli ya Kabanga, jirani na mpaka wa Burundi, imechunguzwa kwa vipindi tangu miaka ya 1970, hadi mwaka 2021 ilipoundwa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo serikali ya Tanzania ilipata hisa za asilimia 16. Katika utafiti wa madini wa aina hiyo, kipande cha mwamba kilichotolewa ardhini kwa kuchoronga hupimwa mara mbili, kwanza hewani, kisha kikiwa kimezamishwa majini: kikiwa na kilo 4.6 hewani na 3.6 majini, ile kilo moja iliyopungua ni uzito wa lita moja ya maji yaliyosukumwa kando, kwa hiyo densiti yake ni mara 4.6 ya maji. Bila tarakimu hiyo hakuna awezaye kusema hazina ina tani ngapi, kwa kuwa ukubwa wa mwamba hujulikana kwa mita za ujazo, nazo hugeuka tani pale tu zinapozidishwa kwa densiti. Hata hivyo mizani ina ukomo wake. Nikeli hiyo imo hasa ndani ya pentlanditi, madini ya chuma, nikeli na salfa, ambayo huambatana na pirotaiti, madini ya chuma na salfa yenye nikeli kidogo sana, na densiti za mawili hayo zinakaribiana mno; hivyo uzito waweza kuthibitisha kuwa mwamba umejaa salfa na metali, lakini si kwamba umejaa nikeli, na neno la mwisho huachiwa maabara.

Mtaalamu wa nyota hana kipande cha kutia majini. Upana wa sayari huupata pale inapopita mbele ya nyota yake na kuziba sehemu ndogo ya mwanga. Tungamo lake, yaani jumla ya maada yake, hulipata kwa kupima jinsi nyota yenyewe inavyoyumba kwa kuvutwa na sayari. Ili kupata ujazo, upana hupandishwa kipeo cha tatu, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu kosa la asilimia 5 katika upana huwa kosa la asilimia 15 hivi katika densiti, nao upana wa sayari haujulikani ila kwa kulinganishwa na ule wa nyota. Anayestahili sifa zaidi, basi, ni yule anayeichunguza nyota kwa subira kabla hajatamka neno juu ya sayari.

Nyota WASP-71, katika kundi la Nyangumi, ilipewa jina la Mpingo mwaka 2019, na sayari yake ikaitwa Tanzanite. Gogo la mpingo huzama majini, na jiwe la tanzanaiti ni zito zaidi ya mara tatu ya maji. Lakini sayari hiyo, ingawa tungamo lake linazidi la Mshtarii, ina densiti inayokaribia ya maji, na hilo latosha kuamua kuwa si mwamba bali ni tufe la haidrojeni na heli lililovimba kwa joto la nyota iliyo karibu.

Kesi ngumu ni ya sayari GJ 1214 b, iliyogunduliwa mwaka 2009, ambayo mwaka 2023 ilipewa jina la Kimaasai lililopendekezwa kutoka Kenya, Enaiposha, lenye maana ya maji mengi kama ya ziwa. Densiti yake ni kama mara mbili ya maji, nayo ni tarakimu yenye majibu zaidi ya moja: huenda ni mwamba uliochanganyika na maji mengi mno, au ni mwamba na chuma vilivyovikwa hewa nene ya haidrojeni, na mizani haiwezi kuyatenganisha, kama isivyoweza kutenganisha pentlanditi na pirotaiti. Maabara ya sayari ni mwanga wake. Mwaka huohuo wa 2023 yalichapishwa matokeo ya darubini ya angani ya James Webb, iliyopima joto la Enaiposha mchana na usiku wake, ikakuta dalili za hewa yenye elementi nyingi nzito kuliko haidrojeni na heli, na juu yake utando mzito wa ukungu unaoakisi mwanga.