Riwaya Tatu Tulizozimaliza

Riwaya tatu tumezimaliza hivi karibuni, kila moja na mkondo wake, nasi twapenda kuwapa walimu wenzetu maoni yetu.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), Bwana Msa na kiko chake wanafumbua fumbo la mauaji, na msomaji hawezi kukiweka kitabu chini. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) ina Kiswahili kitamu cha Unguja, lakini kizito kwa mwanafunzi wa bara. Hata hivyo, mateso ya Rehema nyumbani mwa baba yake yanaeleweka bila kamusi. Katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), Dzombo anarushwa angani auawe, akatua katika nchi ya haki. Wazo ni zuri, ila wahusika wanahutubu mno.

Hapa Uganda wengi wamekisikia Kiswahili kama lugha ya amri za askari. Kwa hiyo tungeanza na Bwana Msa: mwanafunzi mwenye hamu ya kumjua muuaji atautafuta msamiati mwenyewe. Swali letu la “funzo la hadithi” na lingoje.