Maficho au Kimbilio? Mlima wa Simurgh katika Fasihi ya Kiajemi

Fasihi za mataifa mengi zina mlima usiofikika, ambako viumbe adimu wenye asili ya kimungu hukaa mbali na macho ya watu. Mara nyingi mhakiki huuita mlima huo maficho, kisha husema kwamba ni ndoto ya mtu anayeukimbia ulimwengu. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo haitoshi. Kielelezo chetu ni mlima wa ndege Simurgh katika Shahnama ya Ferdowsi, iliyokamilika mwaka 1010, na katika utungo wa Attar juu ya mkutano wa ndege, wa karne ya 12.

Kiswahili kinatupatia maneno mawili yafaayo kupambanuliwa. Maficho ni mahali pa kitu kisichotaka kuonekana. Kimbilio ni mahali pa mtu anayefuatwa na hatari, naye akapokewa. Neno mkimbizi ni la shina hilohilo, na sisi tunaosomea mashariki ya Kongo tunaujua uzito wake.

Tuanze na Ferdowsi. Zal azaliwa na nywele nyeupe. Baba yake, shujaa Sam, aona haya mbele ya watu na kuamuru mtoto atupwe mlimani Alborz. Simurgh amchukua ili awe chakula cha makinda yake, lakini huruma yamwingia, naye amlea pamoja nao. Miaka yapita. Sam ajuta, aja kumtafuta mwanawe, wala haoni njia ya kupanda. Mlima uliomfungukia mtoto aliyetupwa umefungwa kwa yule aliyemtupa.

Jambo kubwa zaidi lafuata. Zal hataki kuondoka; kiota kimekwisha kuwa nyumba yake. Simurgh mwenyewe ndiye anayemrudisha kwa watu, akimpa unyoya wa kuchoma siku ya shida. Unyoya huo watumika Rudabeh anaposhindwa kujifungua Rostam: ndege aja na kufundisha jinsi ya kumpasua mama ubavu, kumshona na kumtibu. Watumika tena Rostam anapojeruhiwa na Esfandiyar. Basi elimu ya mlimani haikubaki mlimani. Kwa maoni yetu, hapo ndipo kimbilio linapotengana na maficho: kimbilio humwandaa aliyepokewa kwa safari ya kurudi.

Kuna sehemu inayotatiza hoja hii, wala haifai kuifumbia macho. Katika majaribu saba ya Esfandiyar, Simurgh mwingine auawa katika jaribu la tano. Hata hivyo, yafaa tuangalie jinsi shujaa huyo anavyofika: amepanda gari lililozungushiwa silaha kali, naye amekuja kuua. Mlima ni wa aina moja; anayebadilika ni mgeni.

Attar aliendeleza taswira hiyo kwa njia nyingine. Ndege wa dunia, wakiongozwa na hudihudi, wanamtafuta mfalme wao Simurgh, akaaye ng'ambo ya mlima Kaf. Wanavuka mabonde saba. Wengi wanaacha safari au wanakufa, na thelathini tu wanafika. Kwa Kiajemi, si murgh ni ndege thelathini. Wanapomtazama mfalme wanajiona wenyewe. Hapa msomaji aliyetarajia hazina iliyofichwa anaambulia kioo, na kioo hicho kisingeonyesha kitu kwa ndege aliyebaki nyumbani. Mfasiri wa Kiswahili ana kazi ngumu: akisema "ndege thelathini" analiua jina, akiliacha jina peke yake anaiua maana. Hana budi kulitaja jina mapema na kulifafanua ndani ya masimulizi yenyewe, kabla ndege hawajafika.

Tunaona, basi, kwamba watunzi hawa wawili hawakuubuni mlima ili waukimbie ulimwengu. Ferdowsi aliutumia kumhukumu baba aliyemtupa mtoto kwa sababu ya rangi ya nywele zake. Attar aliutumia kumhukumu msafiri anayetaka mfalme bila safari. Mwanafunzi akutanapo na mlima wa namna hii, hata katika ngano za kwao, aulize kwanza ni nani aliyepokewa huko, na alishuka na nini mkononi. Zal alishuka na unyoya mmoja, nao uliokoa maisha ya mama na mtoto.