Nani "Mu-"? Nafsi na Uwajibikaji katika Jibu la Papo kwa Papo la Juni 20, 2013

Ibara ya 52(2) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania humfanya Waziri Mkuu kuwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni. Tangu Bunge la Tisa, wadhifa huo umekuwa na utanzu wake wa usemi: maswali ya papo kwa papo, nusu saa kila Alhamisi, ambapo wabunge humuuliza Waziri Mkuu bila kumpa taarifa ya awali. Majibu ya kawaida ya mawaziri huandaliwa wizarani na kusomwa. Jibu hili hutungwa likiwa linasemwa. Kwa sababu hiyo lina sifa nyingi za fasihi simulizi, ingawa wahakiki tumezoea kuliacha mikononi mwa wanasiasa na wanasheria.

Mfano ninaouchunguza unajulikana. Alhamisi ya Juni 20, 2013, Murtaza Mangungu, mbunge wa Kilwa Kaskazini, aliuliza juu ya malalamiko kwamba vyombo vya dola vinapiga raia. Mwezi mmoja kabla, Mtwara ilikuwa imekumbwa na ghasia kuhusu bomba la gesi. Siku tano kabla, bomu lilikuwa limelipuka katika mkutano wa CHADEMA jijini Arusha. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alijibu kwamba mtu aliyeambiwa asifanye jambo, akaamua kukaidi, "utapigwa tu". Kisha akasema "muwapige tu", kwa kuwa hakuna namna nyingine, "maana tumechoka".

Mjadala uliofuata uliegemea ufupisho ulioenea mitaani na magazetini: "wapigwe tu". Hoja yangu ni kwamba ufupisho huo ulifuta jambo zito kuliko yote katika jibu lenyewe. "Wapigwe" ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. "Muwapige" ina watu wanaoamriwa. Waliolaani na waliotetea walibishana juu ya sentensi nyepesi kuliko ile iliyotamkwa.

Tuanze na "utapigwa". Nafsi ya pili umoja si ya kawaida ukumbini. Mbunge huitwa Mheshimiwa, na maneno yote, kwa mujibu wa utaratibu, hupitia kwa Spika. "Wewe" wa jibu hili hawezi kuwa Mangungu. Ni raia wa kukisiwa, na kisa chake kinasimuliwa kwa viambishi vya usimulizi: ameambiwa, *akaamua* kukaidi. Huo ni mtiririko wa hekaya ya mtoto mkaidi, na nyuma yake inasikika methali inayojulikana na kila mzawa wa lugha hii: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika methali hiyo hakuna mvunjaji. Guu linavunjika, basi. "Utapigwa" hufanya kazi ileile, na "tu" yake ni ya hali isiyoepukika, kama kusema mvua itanyesha tu. Mwaka mmoja kabla, Juni 2012, wakati wa mgomo wa madaktari, kiongozi huyohuyo alikuwa ametumia "liwalo na liwe", ambapo hata nafsi ya mtu imeondolewa na kubaki kiambishi *li-* kisichomwakilisha yeyote. Ni mbinu ileile ya kuyaacha matukio yajitende.

Lakini katika jibu la 2013 mbinu hiyo ilivunjika katikati. Kwa "muwapige", mkaidi anahama kutoka "wewe" kwenda "wao", na mahali pa nafsi ya pili panachukuliwa na wengine. (Umbo *mu-* badala ya *m-* ni la mazungumzo, ni ushahidi mwingine kwamba hatusomi maandishi ya wizara.) Hao "nyinyi" ni nani? Si wabunge, wala si Spika. Kwa muktadha wa swali, ni vyombo vya dola, ambavyo havikuwa na kiti katika mjadala. Amri imeruka juu ya kichwa cha Spika na kutoka nje ya ukumbi. "Tu" nayo imegeuka: sasa ni ya ruhusa, yaani msisite. Halafu inakuja "tumechoka", na Kiswahili hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na ile inayomtenga. Sababu ya kisheria imegeuka kuwa hali ya mwili wa wasiotajwa.

Watetezi walisema kauli hiyo ililenga wavunja sheria pekee. Kwa sehemu ya kwanza ya jibu, hoja hiyo ina uzito, kwani sharti limetajwa. Kwa "muwapige" haina, kwa sababu sharti halikurudiwa na *-wa-* hubeba yeyote atakayewekwa humo.

Uzito wa *-wa-* hiyo unaonekana zaidi pembezoni kuliko Dodoma. Mwaka 2013 vikao vya Bunge vilikuwa bado vinarushwa moja kwa moja na TBC. Tumfikirie msikilizaji wa Kanazi, wilayani Ngara, mkoani Kagera, ambako Kihangaza, lugha iliyo karibu sana na Kirundi, husemwa nyumbani. Septemba ya mwaka huohuo Operesheni Kimbunga ilianza Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa waliotajwa kuwa wahamiaji haramu. Sidai kwamba jibu la Juni lilizaa operesheni ya Septemba. Agizo lilitolewa na Rais alipozuru Kagera mwezi Julai. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo lafudhi yaweza kumfanya raia adhaniwe mgeni, mpaka kati ya "wewe" anayeonywa na "wao" wanaopigwa huwa mwembamba mno.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika walifungua kesi Mahakama Kuu dhidi ya Waziri Mkuu. Upande wa Serikali uliweka mapingamizi, ikiwemo kinga ya usemi bungeni chini ya Ibara ya 100. Juni 2014 kesi ilitupwa katika hatua hiyo ya awali, kabla maneno yenyewe hayajachambuliwa. *Mu-* imebaki bila mwenyewe.