Saladi Iliyompiku Mgebuka

Jamani, nimeila! Ile saladi ambayo kina mama wa Kasingirima, hapa Ujiji, hawaachi kuitaja tangu msimu wa kuvunja vikoba uanze, nimeikuta, nimeionja, nimeongeza, na ningeongeza tena kama bakuli lisingekuwa limeshapanguswa kwa chapati na bibi mmoja aliyeniwahi.

Sherehe zenyewe mnazijua. Mwaka ukiisha kikundi kinafungua sanduku, watu wanagawana akiba na faida, kisha wanakula. Mpishi wa kukodi hakuna. Kila mama anatokea na hotpoti lake chini ya khanga, na kwa Ujiji huhitaji kufunua ujue kilichomo: wali wa nazi, ugali wa muhogo, maharage ya mawese, kisamvu tunachokiita sombe, migebuka wa kukaanga. Vitamu vyote, na vizito vyote! Mboga mbichi huwa ni kijibakuli cha nyanya na vitunguu vinavyoelea kwenye maji yao, kimewekwa pembeni na hakuna anayekitazama.

Sasa hii! Kabichi nyuzinyuzi nyembamba, za mkono uliozoea kukatia hewani bila ubao. Karoti za kukwangua. Hoho. Tango na ganda lake. Halafu, na hapa nilinyanyuka kwenye mkeka, embe bichi! Embe changa, kali, limekatwa vijiti kama njiti za kiberiti. Ujiji ni mji wa miembe. Hata pale kwenye mnara wa Livingstone, alipokutana na Stanley mwaka 1871, kuna miembe. Lakini embe bichi tumewaachia watoto wa shule na chumvi yao ya pilipili kwenye karatasi. Kumbe likikutana na kabichi linafanya kazi ambayo siki haiwezi: linakata mafuta ya mgebuka mdomoni, na unarudi kwenye sahani ukiwa na njaa mpya.

Na haikuwa imelowa! Ilikaa saa nzima ya hotuba, tena mnajua hotuba za mweka hazina, na bado ilikuwa inalia kwenye meno. Nilimng'ang'ania mpishi mpaka akasema. Kabichi moja ya wastani anainyunyizia kijiko cha chai cha chumvi, anaifikicha kidogo, anaiacha kama nusu saa. Chumvi inavuta maji nje. Anakamua kwa mkono na kumwaga. Maji ambayo yangetoka njiani yanabaki nyumbani kwake. Nyanya anachagua ngumu na kutoa mbegu. Kitunguu anakifikicha kwa chumvi na kukiosha mara mbili, ukali unapungua. Ndimu na mafuta kidogo ya alizeti vinaingia mwisho kabisa, sherehe ikishaanza kunukia. Hakuna jiko, hakuna mkaa. Ni kisu, beseni na uvumilivu wa nusu saa.

Mtaniuliza, mbona si mawese? Nami ni mtu wa Kigoma, mawese nayaheshimu kuliko mafuta yote. Ila yakipoa yanaganda, na harufu yake inapenda kutawala. Yabaki kwenye maharage.

Parachichi nalo! Mkoa wetu unayo mazuri, hasa yanayoshuka kutoka Kasulu na Buhigwe, na huyu dada mpishi wa saladi alikuja nayo mazima kwenye mkoba, akayakatia palepale na kuyakamulia ndimu, kwa sababu nyama ya parachichi ikikutana na hewa inaanza kuwa nyeusi na uchachu ndio unaochelewesha. Juu ya hayo akafungua kopo dogo: dagaa wa Kigoma, waliokaangwa wakavu, wa kujinyunyizia mwenyewe. Kelele zilizotoka pale! Asiyetaka anaacha, saladi inasimama yenyewe. Na ni vizuri isimame, maana mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na likifungwa hivyo dagaa si wa kumwagiwa kila sahani.

Lawama ninazo, ndogo. Pilipili mbuzi ilichanganywa ndani. Ingewekwa kando, watoto nao wangekula. Na hotpoti lililotoka kubeba wali wa moto lisibebe saladi siku hiyohiyo, joto lililobaki linaiua kabichi. Tumieni ndoo safi yenye mfuniko.

Moja si dogo. Hiki ni chakula kisichopita motoni, na sisi tunaishi kando ya ziwa ambalo watu wengi wanachota maji yake vilevile yalivyo. Mwaka 2015 kipindupindu kilipowapiga wakimbizi kutoka Burundi kule Kagunga, mkoa mzima uliiona hatari ya maji machafu. Kwa hiyo mboga zioshwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukamua, na bakuli lisilale mpaka kesho. Likibaki, limwagwe. Langu halikubaki.

Hukumu yangu: kwa shughuli ya kila mtu na chombo chake, sijaona bakuli la bei ndogo linalowahiwa namna hii. Ukiambiwa “wewe lete chochote,” acha kreti la soda, peleka hii. Na parachichi, tafadhali, usilikate mpaka ufike.